Je, wajua kwa nini mtu mmoja anaweza kuandika programu ya kusimamia huduma zote za Linux?

Kuna programu ndogo za terminali (dirisha la kuandikia amri), kama chkservice na systemctl-tui, zinazokupangia huduma zote za kompyuta, yaani programu zinazofanya kazi chinichini, kwenye skrini moja. Unashuka kwa vishale, unabonyeza kitufe, na seva ya wavuti imezimika. Nyingi za aina hii huandikwa na mtu mmoja kwa mapenzi yake tu, jioni baada ya kazi. Anapata wapi nguvu zote hizo?

Hana. Programu yake haiwashi wala haizimi chochote, inatuma maombi.

Linux inapowaka, kerneli, yaani kiini cha mfumo, huanzisha programu moja tu ya kawaida, ambayo hupewa namba 1. Hiyo ndiyo inayoamsha nyingine. Kwenye matoleo ya Linux kama Fedora, Debian na Ubuntu za leo, namba 1 ni systemd, iliyotangazwa mwaka 2010 na Lennart Poettering na Kay Sievers. Fedora iliipokea 2011, Debian na Ubuntu 2015, tena baada ya ugomvi mkali: kuna waliojitenga na Debian wakaunda toleo lao, Devuan, ili waikwepe systemd.

Kabla ya systemd kila huduma ilikuwa na skripti yake (faili la amri) ndani ya folda ya /etc/init.d, na kila skripti ilikuwa na tabia zake. Ukitaka kujua kama huduma iko hai, mara nyingi ulisoma faili lenye namba ya mchakato (programu inayoendeshwa), ukaomba Mungu mchakato huo uwe haujafa zamani. Orodha ya kuaminika ungeitoa wapi?

systemd huweka hesabu hiyo yenyewe, na ina mlango wa kuulizia: D-Bus, njia ambayo programu hupitishiana ujumbe. Ukituma ListUnits unapewa orodha, ukituma StopUnit pamoja na jina la huduma, huduma inasimamishwa. Hali ikibadilika, systemd hukuarifu yenyewe. Amri rasmi ya systemctl nayo ni mbisha hodi kama wengine. Kusoma orodha hakuhitaji ruhusa maalumu. Ukitaka kuzima huduma ya mfumo, polkit, programu inayosimamia ruhusa, ndiyo huamua kama uombwe nywila.

Kwa hiyo mwandishi anabaki na kazi ya kuchora skrini, ambayo maktaba kama ncurses humrahisishia, na kazi ya kujua mtumiaji anaumia wapi. Kwa maoni yangu hii ya pili ndiyo ngumu. Chukua amri mbili za systemctl, start na enable: ya kwanza huwasha huduma sasa hivi, ya pili huweka kiungo cha faili ili iwake kila kompyuta inapowaka. Niliwahi kuwasha hifadhidata kwa start nikaenda kulala kwa raha zangu. Usiku umeme ukakatika, ukarudi. Seva iliwaka, hifadhidata haikuwaka, na asubuhi simu yangu haikupumzika. Programu inayoonyesha hali hizo mbili kwenye safu zilizokaa bega kwa bega ingeniokoa.

Ukitaka kuthibitisha nani anafanya kazi, tumia programu kama chkservice kuagiza huduma inayochelewa kuwaka iwashwe, kisha funga chkservice papo hapo. Huduma itaendelea kuwaka, kwa sababu agizo limeshafika kwa namba 1.