Shylock Ni Jina la Mtu: Misemo Tuliyoletewa na Jukwaa la Kiingereza

Kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, sisi wa kitengo cha kamusi huweka meza nje, na watu huja na maswali yao. Mwaka jana mama mmoja muuza samaki wa Mombasa alingoja mpaka foleni ikaisha, kisha akainama na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, hili neno shylock ni la Kiswahili ama la Kizungu?" Nikamwambia ni jina la mtu. Akanikazia macho. "Mtu gani? Maana huyu wangu amenishikia kitambulisho na kadi ya benki, na jina lake silo hilo."

Nchini Kenya neno hili limezoeleka mpaka likapata wingi wake, mashylock. Kila mtu anajua maana yake: mkopeshaji wa mtaani asiye na leseni, ambaye riba yake hupanda haraka kuliko bei ya unga, na ambaye hatoi shilingi kabla hajashika kitu chako mkononi. Asili ya jina, hata hivyo, wachache wanaijua, na kwa maoni yangu asili hiyo inastahili kujulikana na kila anayelitamka.

Shylock ni mhusika katika The Merchant of Venice, yaani Mfanyabiashara wa Venice, tamthilia ya William Shakespeare iliyochapishwa London mwaka 1600. Kijana Bassanio anataka kumposa Portia, binti tajiri, naye mfukoni hana kitu. Rafiki yake Antonio ni mfanyabiashara mkubwa, ila mali yake yote iko baharini. Basi Antonio anakopa dukati 3,000, sarafu za dhahabu za zama hizo, kwa Shylock, kwa miezi 3. Hapa pana jambo linalowapita wengi. Katika mkataba ule Shylock hakutoza riba, hata ndururu. Alisema tu, kama mtu anayetania, kwamba deni lisipolipwa siku yake atakata ratili moja ya nyama katika mwili wa Antonio, mahali atakapopenda yeye. Jina lililokuja kuwa jina la riba limetoka kwenye mkopo usio na riba.

Habari zinafika kwamba merikebu za Antonio zimezama, na siku ya kulipa inapita. Mahakamani Shylock ananoa kisu kwenye soli ya kiatu chake, watu wakimtazama. Mizani ya kupimia nyama amekuja nayo. Portia, aliyejivika mavazi ya mwanasheria wa kiume, anamwomba alete angalau tabibu wa kuziba jeraha, Antonio asife kwa kuvuja damu. Shylock anauliza: hilo limeandikwa mkatabani? Halimo, basi hakuna tabibu. Ndipo Portia anapomgeuzia maandishi yaleyale. Mkataba umetaja nyama, haukutaja damu. Na akate, lakini likimwagika tone moja tu, mali yake yote inachukuliwa na dola. Mpaka leo Mwingereza akisema fulani anadai "ratili yake ya nyama", anamsema mtu aliyeshikilia haki yake ya kwenye karatasi hadi utu ukamtoka.

Sikumwishia mama yule hapo. Shylock ni Myahudi. Uingereza ilikuwa imewafukuza Wayahudi mwaka 1290, na kurudi kwao kulianza kuvumiliwa mwaka 1656 tu, kwa hiyo wengi waliokuja kumtazama jukwaani walikuwa wakimtazama jirani ambaye hawajawahi kuwa naye. Ndani ya mchezo, Antonio amekuwa akimtemea mate. Binti ya Shylock, Jessica, anatoroka na mchumba Mkristo pamoja na sanduku la fedha. Mwishoni Shylock analazimishwa kuacha dini yake. Shakespeare alimpa pia nafasi ya kujitetea: anauliza kama Myahudi hana macho, hana mikono, na kama akichomwa hatoki damu. Lakini jina lilitoka likaenda mitaani peke yake, utetezi ukabaki kitabuni. Huko Ulaya na Marekani, kumwita mkopeshaji kwa jina hili huhesabiwa kuwa tusi kwa Wayahudi wote. Joe Biden, alipokuwa makamu wa rais wa Marekani mwaka 2014, alilitumia katika hotuba kuwataja wakopeshaji walioumiza wanajeshi. Akalaumiwa, akaomba radhi. Mkenya anayelisema sokoni hana nia hiyo, nami simlaumu. Anayeandika habari, tangazo au hati ya mahakama ni bora ajue kalamu yake inabeba nini.

"Sasa sisi tumwite nani?" mama akauliza. Mwenzangu wa Dar es Salaam, aliyekuwa akipanga vitabu nyuma yangu, akadakia: "Sisi kwetu hao ni kausha damu." Mama alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Tanzania mikopo ya namna hiyo huitwa mikopo umiza, na zaidi kausha damu. Nalipenda sana jina hili. Portia alimshinda Shylock kwa damu ambayo mkataba haukuitaja. Kiswahili cha mtaani, bila kupita Venice, kimeikuta damu hiyohiyo na kuitaja mbele ya kila kitu. Kama ni shauri langu, kausha damu litapata mahali pake katika kamusi.

Mwalimu Julius Nyerere alipoitafsiri tamthilia hii, ikatoka mwaka 1969, aliiita Mabepari wa Venisi. Kwa Kiingereza mfanyabiashara wa kwenye jina ni mmoja, Antonio. Kwa Mwalimu wamekuwa wengi, na wamekuwa mabepari. Azimio la Arusha, lililotangaza siasa ya ujamaa Tanzania, lilikuwa na miaka miwili tu. Kwa jina hilo moja, msomaji wa Kiswahili anaingia ukumbini akiwa tayari kuwapima wakopeshaji na wakopaji wote kwa mizani moja.

Tamthilia hiyohiyo ndiyo iliyoeneza maneno ambayo wazazi wetu huwaambia mabinti: si kila king'aacho ni dhahabu. Baba yake Portia, kabla ya kufa, aliacha masanduku matatu, la dhahabu, la fedha na la madini ya risasi. Anayetaka kumwoa binti achague moja. Anakuja mwanamfalme wa Moroko, anachagua dhahabu, anafungua na kukuta fuvu la kichwa, na ndani ya tundu la jicho karatasi yenye maneno hayo. Mwafrika anayeambiwa msemo huu jukwaani ndiye anayeaibishwa nao. Akishatoka, Portia anasema wote wenye rangi kama yake na wachague hivyohivyo. Tunaufundisha msemo shuleni kwa nia njema, na ni mzuri; mwalimu akiusimulia pamoja na mahali ulipotoka, darasa litakuwa na la kuzungumza wiki nzima.

Msemo wenyewe Shakespeare aliukuta. Mshairi wa Kiingereza Geoffrey Chaucer alikuwa ameuandika karibu miaka 200 kabla yake, na hata yeye aliupokea kwa wengine. Nalisema hili kwa sababu watunga kamusi wa Kiingereza walimsoma Shakespeare kuliko waandishi wengine wa zama zake, wakamhesabia maneno mengi ambayo huenda yalikuwa vinywani mwa watu. Machozi ya mamba, yanayotajwa kila mwanasiasa wetu anapolia hadharani, yamo katika tamthilia yake Othello, lakini hekaya ya mamba anayemlilia mtu anayemla ilisimuliwa Ulaya karne nyingi kabla. Mapenzi kuwa upofu nayo yamo kwa Chaucer. Na yale maneno ya mitandaoni kwamba jehanamu haina ghadhabu kama ya mwanamke aliyedharauliwa, ambayo hubandikwa picha ya Shakespeare, si yake kabisa. Ni ya William Congreve, katika The Mourning Bride ya mwaka 1697, nayo hutamkwa na malkia mateka aitwaye Zara.

"Hata wewe, Brutus?", maneno ya Caesar, mtawala wa Roma, anapomwona rafiki yake Brutus kati ya wanaomuua, ni ya Shakespeare, kwa maana kwamba Julius Caesar yake ndiyo iliyoyatia midomoni mwa dunia, hapa kwetu yalipata mbeleko nyingine Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia hiyo mwaka 1963. Mwanahistoria wa Kirumi Suetonius aliandika kwamba Caesar alikufa bila kusema neno, ingawa wapo waliodai alimwambia Brutus, kwa Kigiriki, "Hata wewe, mwanangu?"

Msemo ninaotaka kuutetea zaidi ni ule wa midahalo ya shule: kalamu ina nguvu kuliko upanga. Upande mmoja husimama na kalamu, mwingine na upanga, kengele ikalia bila mshindi. Umetoka katika Richelieu, tamthilia ya Edward Bulwer-Lytton iliyochezwa London mwaka 1839. Kadinali Richelieu, waziri mkuu wa Ufaransa, amegundua njama ya kumuua. Anautwaa upanga mkubwa aliowahi kupigana nao ujanani, anajaribu kuuzungusha, mkono wa uzee unakataa. Mtumishi wake kijana anamkumbusha kwamba sasa ana silaha nyingine. Hapo ndipo mzee anaposhika kalamu na kusema maneno yale, ila yanaanza na sharti ambalo tumelikata: chini ya utawala wa watu walio wakuu kwelikweli. Kalamu anayoisifu ni ya mwenye dola, inayotia saini amri. Wanahabari wetu wanaoandika msemo huu ukutani wangeurudisha mzima, maana sharti lile ndilo madai yao hasa: kalamu hushinda pale penye watawala wanaostahili jina hilo.

La mwisho ni jipya, na vijana wanalitumia kila siku: "Ananigaslight," yaani ananifanya niitilie shaka akili yangu mwenyewe. Linatoka katika Gas Light, tamthilia ya Patrick Hamilton ya mwaka 1938. Bella Manningham anaishi London ya karne ya 19, katika nyumba ya taa za gesi. Mumewe Jack huficha picha ya ukutani, huficha vitu vidogovidogo, kisha humlaumu kwamba yeye ndiye anayevipoteza na kusahau. Kila jioni mume akitoka, taa ya sebuleni hufifia, na nyayo husikika ghorofa ya juu iliyofungwa. Gesi ya nyumba ni moja, ukiwasha taa huku, ya kule hupungua. Jack hurudi kisirisiri kupitia paa kutafuta vito vya mwanamke aliyemuua humo zamani. Bella anaona taa inashuka, lakini ameshaaminishwa kwamba akili yake ndiyo inayoshuka, hata anaogopa kulisema. Anakuja askari mpelelezi mstaafu, mzee Rough. Anamsikiliza, na taa inabadilika macho yao wote wawili yakiitazama.

Kumchezea mtu akili hakutoshi kulitafsiri, kwa sababu mchezo huisha na watu wakacheka. Kumtia mtu wazimu ni karibu, ila hakuonyeshi ujanja wa kumfanya aliyeona ajikane macho yake mwenyewe. Nimeshaletewa "kumzimia mtu taa" na msichana mmoja wa chuo, nimeliandika kwenye daftari na bado nalizungusha mdomoni. Mwenye neno la kwao atuletee mezani tarehe 7 Julai.