Milimita Moja ya Zebaki: Kilele cha Mitchell na Hifadhi Yake

Mwaka 1915 Bunge la Jimbo la North Carolina lilipitisha sheria ya kununua kilele cha Mlima Mitchell, na hapo ndipo ilipozaliwa hifadhi ya kwanza ya jimbo hilo. Mlima huo una kimo cha futi 6,684, yaani mita 2,037, na katika eneo lote la Marekani lililo mashariki ya mto Mississippi hakuna unaoupita. Mimi ni mpima ardhi, kwa hiyo historia yake naianzia kwenye kipimahewa cha zebaki, yaani kifaa cha kupima kanieneo ya hewa, kabla ya kufika kwenye sheria.

Elisha Mitchell, profesa wa sayansi katika Chuo Kikuu cha North Carolina, alianza kuipima safu ya Black Mountains, ulimo mlima huo, mwaka 1835. Kipimahewa cha zama zile kilikuwa bomba la kioo lenye urefu wa karibu mita moja, nacho kilibebwa kupita vichakani na kwenye miamba iliyoota kuvu kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai. Kingine kiliachwa bondeni, na usomaji wake ukaandikwa kwa saa zilezile. Kadiri unavyopanda ndivyo kanieneo ya hewa inavyopungua, hata zebaki inayosimama karibu milimita 760 ufukoni hushuka hadi karibu 600 kileleni, na tofauti ya vifaa hivyo viwili, ikisahihishwa kwa kuzingatia joto la hewa, ndiyo inayotoa kimo. Kasoro iko hapa: kule juu milimita moja ya zebaki ni takriban mita 13, ilhali kilele cha jirani, kinachoitwa leo Mount Craig, ni kifupi kwa mita 11 tu. Jicho likiteleza kidogo kwenye mistari ya kipimo, mlima wa pili unakuwa wa kwanza.

Ndiyo maana sishangai kwamba palizuka ugomvi. Mwaka 1855 mwanasiasa Thomas Clingman, aliyewahi kusoma chuoni hapohapo, alidai kwamba yeye ndiye aliyepima kilele kirefu kuliko vyote na kwamba profesa alikuwa amepanda kingine. Mitchell alikuwa na tarakimu nzuri, kwani mwaka 1844 alipata futi 6,672, pungufu ya futi 12 tu ya kipimo cha leo. Lakini tarakimu haisemi mpimaji alisimama wapi, na katika msitu mnene uliofunikwa na ukungu, hoja ya Clingman haikuwa ya kupuuzwa, ingawa wapenzi wa profesa hawapendi kuisikia.

Mitchell alirudi mwaka 1857, akiwa na miaka 63, ili kumaliza ubishi. Tarehe 27 Juni aliteleza kwenye maporomoko ya maji akafa. Mwindaji wa dubu, Tom Wilson, ndiye aliyefuata nyayo zake na kuwaongoza watu hadi kwenye mwili. Mwaka uliofuata alizikwa upya kileleni, na jina lake ndilo lililobaki.

Kaburi hilo halikuzuia misumeno. Kabla ya 1915 reli za wapasuaji mbao zilikuwa zimekwisha kupanda mlimani, na Gavana Locke Craig, alipouona uharibifu, alilisukuma bunge lichukue hatua. Mount Craig imepewa jina lake. Kilichookolewa mwanzoni kilikuwa kofia tu ya mlima, kwani miteremko iliyouzunguka iliendelea kukatwa kwa miaka kadhaa.

Tena mpaka wa hifadhi haumzuii mdudu. Katika miaka ya 1950 aligunduliwa hapo mdudu mdogo mwenye asili ya Ulaya, anayefyonza miti ya Fraser fir, ya jamii ya misonobari, na kuacha vidoa kama pamba kwenye magome. Mashina meupe yaliyokauka karibu na kilele kwa sehemu kubwa ni kazi yake.