Lakini Miti si Ipo?

Juzi nimeulizwa tena, mara hii kikaoni, huku juu Amani, milima ya Usambara Mashariki: "Mtaalamu, unasema msitu unapungukiwa urithi. Lakini miti si ipo?" Mzee akanyoosha kidole kwenye kipande cha msitu kilichozungukwa na chai pande zote, kijani kibichi, kimekaa juu ya kilima kama kofia. Nikasema, "Ipo, mzee wangu." Watu wakacheka, hoja ikafungwa. Haya, namjibu hapa ambapo hakuna wa kunicheka. Urithi ninaousema ni utofauti wa vinasaba, yaani sifa ambazo mti hurithi kwa wazazi wake.

Ipo, ndiyo. Ipo tangu lini? Wajerumani walianza kufyeka Usambara Mashariki kwa ajili ya kahawa miaka ya 1890, chai ikatapakaa baadaye. Mvule mnene unaouona leo unaweza kuwa umechipua kabla ya hapo, na wazazi wake walichavushana msitu ukiwa mmoja. Ukichuma majani ya miti mikubwa ukapima vinasaba, utakuta aleli tele, yaani matoleo mengi ya kinasaba kilekile, na utaandika ripoti ya kupendeza. Umepima msitu wa babu yako! Wa leo uko chini, kwenye miche inayofika gotini, na wengi hatuipimi kwa sababu inataka kuinama kutwa nzima.

Hesabu yenyewe ni fupi. Miti 25 inayozaliana peke yake hupoteza takriban asilimia 2 ya utofauti wake kila kizazi. Kizazi cha mvule ni miongo kadhaa, kwa hiyo hasara inatambaa polepole, na macho hayaioni.

Sasa linalonikera hasa, usemi wa wataalamu wenzangu: "kipande ni kisiwa, mashamba ni bahari." Bahari ya nani? Chavua ya mvule husafirishwa na upepo na mbegu zake na popo. Kwa popo, chai ni njia tu ya kupita usiku. Lakini Leptonychia usambarensis, mti mdogo wa kivulini, unategemea ndege wa ndani ya msitu ambao wengi wao hawapendi kukatiza mahali peupe. Utafiti uliotoka 2003 ulionyesha kwamba ndege huchukua mbegu zake chache kwenye vipande kuliko kwenye msitu mkubwa. Chai ni ileile, mmoja inamfunga na mwingine hata haijui.

Shamba la iliki ndilo linalodanganya kuliko yote. Kwa kuwa iliki hupenda kivuli, mkulima huacha miti mikubwa, na ukitazama kutoka juu unaapa ni msitu. Ingia chini: kumefyekwa, miche hamna. Ndege anapata pa kutua, mbegu inadondoka, panga linaikuta. Hapo niite njia ya kuunganisha vipande au niite ukuta? Mimi nimeandika vyote viwili, kwa miaka tofauti, na sioni aibu.

Vitabu vinasema mhamiaji mmoja kwa kila kizazi, yaani mbegu au chavua iliyotoka kipande kingine, anatosha kuzuia vipande viwili visiachane sana. Kanuni hiyo hudhani vipande vinalingana ukubwa na kila mhamiaji anafanikiwa kuzaa. Huku kwetu hakuna hata kimoja. Tena mti uliobaki peke yake shambani wakati mwingine hupokea chavua ya mbali kuliko mwenzake aliye msituni, kwa kuwa hakuna kinachoikinga. Nikisema "utengano hupunguza utofauti", basi, najua nimerahisisha.

Kikao kilipoisha mzee akanifuata. Shambani kwake kuna misambu sita, mitatu haizai hata tunda moja, aikate? Msambu una dume na jike, kila mmoja mti wake. Mitatu hiyo ni midume, chavua yote ya kilima kile huenda inatoka hapo. Nikamwomba aiache. Akanitazama, akauliza midume mitatu ya kazi gani, mmoja si unatosha?

Nikabaki nahesabu.