Saa kumi na mbili ya Sarajevo

Ukifika Baščaršija, mji mkongwe wa Sarajevo huko Bosnia, usikimbilie ndani ya msikiti wa Gazi Husrev-beg kama wageni wengi wafanyavyo. Simama kwanza uani, karibu na chemchemi ya udhu, utazame mnara wa saa ulio jirani. Mimi nilifika Desemba, jua likizama. Simu yangu ilisema saa kumi na dakika kumi jioni. Mnara ulisema saa kumi na mbili kamili. Mtalii aliyesimama pembeni yangu alimwambia mwenzake kuwa saa ile ni mbovu, na hajafunga mdomo mwadhini akaanza kuadhini Magharibi.

Saa ile si mbovu hata kidogo. Inahesabu tunavyohesabu sisi: jua likizama siku imekwisha, na saa ya kwanza ya usiku inaanza. Ndiyo maana mzee wa Pwani akikwambia mkutane usiku wa Ijumaa, unamwendea Alhamisi baada ya Magharibi. Waothmani, Waturuki walioitawala Bosnia zamani, walihesabu hivyo hivyo, na mnara huu umebaki na hesabu yao hadi leo.

Tofauti iko kwenye jua lenyewe. Kwetu, karibu na ikweta, Magharibi haisogei sana, kwa hiyo saa kumi na mbili tumeiweka mahali pamoja mwaka mzima. Sarajevo mwezi wa Juni jua huzama yapata saa mbili na nusu usiku. Mtambo wa chuma haujui hayo. Lazima mtu apande mnarani kila baada ya siku chache kuirekebisha saa ifuate jua. Mtu huyo huitwa muvekiti, mwenye kujua wakati, na hapo hapo uani kuna chumba kilichojengwa 1859 kwa ajili ya kazi yake ya kupima nyakati za sala. Mitambo ya saa ilitoka London miaka ya 1870. Chuma cha London kikafundishwa kufuata Magharibi ya Sarajevo!

Sasa ingia ndani. Vua viatu, mwanamke ajitande, na kama huswali usubiri watu wamalize.

Kazi yangu ni usanifu wa majengo, hasa ukarabati wa misikiti ya kale ya Pwani yetu, na nimezoea misikiti ambayo upana wake huamuliwa na boriti ya mkoko. Boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi, basi unapanga nguzo, na safu za sala zinakatwakatwa. Hapa hakuna nguzo hata moja katikati. Kuba lenye kipenyo cha takriban mita 13 limekaa juu ya chumba cha mraba, na kilele chake kiko mita 26 kutoka sakafuni. Siri iko pembeni. Tazama pale kona ya ukuta inapoanza kuinama kwenda kukutana na duara: vijumba vidogo vya mawe vimepandana kama sega la nyuki. Uzito wa kuba hushukia kwenye kona hizo nne, kisha ukutani, kisha ardhini. Nilikaa zuliani nikakisoma kipande kimoja cha kona mpaka shingo ikauma. Msanifu anayetajwa ni Acem Esir Ali, Mwajemi wa Tabriz, aliyekuwa mkuu wa wasanifu wa sultani kabla ya Sinan, msanifu mashuhuri kuliko wote wa Waothmani.

Nakshi za kuta ni za baadaye sana. Msikiti ulipigwa makombora wakati Sarajevo ilipozingirwa, 1992 hadi 1996, na ukarabati wa kwanza baada ya vita uliacha kuta nyeupe tupu. Rangi zikarudishwa miaka michache baadaye. Naona walifanya vyema kuzirudisha.

Lakini anayeona jengo tu hajauona msikiti huu. Gazi Husrev-beg, gavana wa Bosnia na mjukuu wa Sultan Bayezid wa Pili kwa upande wa mama, aliandika wakfu 1531, na msikiti ni tawi moja tu la wakfu huo. Kulikuwa na jiko la kulisha maskini na nyumba ya wageni. Kodi za maduka ndizo zilizolipa mafuta ya taa na mishahara ya maimamu. Ng'ambo ya barabara iko madrasa ya 1537, iitwayo Kuršumlija kwa sababu ya paa lake la madini ya risasi. Hati yake iliagiza kuwa fedha zitakazobaki baada ya ujenzi zinunue vitabu vizuri. Masalio hayo yakazaa maktaba.

Agosti 1992 maktaba ya taifa iliteketezwa kwa makombora. Wafanyakazi wa maktaba ya Gazi Husrev-beg waliamua yao isipatwe na hayo. Waliubeba utajiri wao, miswada zaidi ya 10,000 iliyoandikwa kwa mkono, masanduku kwa masanduku, kutoka maficho hadi maficho mara kadhaa, huku wadunguaji wakiwa milimani. Mmoja wa waliobeba alikuwa mlinzi wao wa usiku, Mkongomani aliyekuja Sarajevo kutoka mbali kuliko wote waliokuwa mle ndani. Miswada ikapona, na leo iko katika jengo jipya hatua chache kutoka pale uani nilipokuwa nimesimama nikisoma saa.