Mtoto akifunga choo: maswali ya wazazi kuhusu dawa za kulainisha

Mwanangu ana siku tatu hajapata choo. Nimpe dawa?

Usihesabu siku tu. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee, akishavuka wiki sita hivi, anaweza kukaa siku kadhaa bila choo, na kikitoka kikawa laini. Huyo haumwi. Kwa mtoto aliyeanza kula, angalia choo chenyewe: ni vigololi vigumu kama vya mbuzi, au ni kinene kinachomliza? Anakipata chini ya mara tatu kwa wiki?

Mwangalie na mwenyewe. Anasimama kwa ncha za vidole, anabana makalio, anajificha nyuma ya kochi huku uso umemwiva. Wazazi wengi hudhani anasukuma, kumbe anazuia. Kiliwahi kumuuma, akaogopa. Anapokizuia, utumbo unazidi kukifyonza maji, na kikija kutoka kinauma zaidi ya mara ya kwanza. Dawa inatumika ili apate choo kisichouma, siku baada ya siku, mpaka hofu imtoke.

Ni mtoto gani nisimpe kabla hajaonwa na daktari?

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Pia mtoto wa umri wowote anayetapika matapishi ya kijani, aliyevimba tumbo likakaza, mwenye homa, anayepungua uzito, au ambaye miguu imelegea. Na kama alipozaliwa choo chake cha kwanza, kile cheusi, kilichelewa kupita siku mbili, mweleze daktari hata kama sasa ana miaka minne, kwa sababu huenda sehemu ya utumbo wake haina neva za kusukuma choo.

Duka la dawa nichukue ipi, na kiasi gani?

Zinazofaa watoto zaidi ni zile zinazobakiza maji ndani ya choo: makrogoli, ambayo ni unga wa kuchanganya na maji, na laktulosi, ambayo ni sharubati tamu. Makrogoli ikipatikana ndiyo huanza, lakini maduka mengi utakuta laktulosi. Kwa kawaida mtoto wa mwaka 1 hadi 4 hupewa laktulosi mililita 2.5 hadi 10 mara mbili kwa siku; wa miaka 5 na kuendelea, mililita 5 hadi 20 mara mbili. Mfamasia au daktari ndiye atakayekwambia mwanao aanzie wapi. Pima kwa sirinji au kikombe cha dawa, maana vijiko vya jikoni havilingani.

Laktulosi huchukua hadi siku mbili kufanya kazi. Usiongeze dozi usiku uleule kwa kuwa hujaona kitu. Tumbo kujaa gesi siku za mwanzo ni kawaida.

Sasa anachafua chupi kwa choo cha majimaji. Dawa imemharisha?

Huenda ikawa ni dozi kubwa, lakini mara nyingi sivyo, hasa kama alianza kuvuja kabla ya dawa. Choo kigumu kimeziba chini, na kile laini kinapenya pembeni bila yeye kuhisi. Hapo mama husimamisha dawa, mtoto anazidi kuziba, na nyumbani anachapwa kwa uchafu. Tafadhali msimchape, hawezi kujizuia. Mpeleke kituo cha afya ashikwe tumbo. Akiwa ameziba atahitaji dozi ya kuzibua ambayo daktari ndiye huipanga.

Bibi yake anasema tumwekee kipande cha sabuni nyuma, au tumpe sanamaki.

Bibi anataka mtoto apone, na choo kweli kitatoka. Ila sabuni huchoma ngozi laini ya ndani, na mtoto aliyeumizwa hapo atazuia choo zaidi kuliko jana. Sanamaki na mafuta ya nyonyo huusukuma utumbo kwa nguvu, na kipimo cha majani au cha kukisia hakuna anayekijua. Mtoto mdogo huishia na msokoto wa tumbo na kupoteza maji. Mwombeni bibi asimamie jambo jingine lenye faida kubwa: kumkalisha mtoto kwenye poti dakika tano hadi kumi baada ya chakula, wakati ambao utumbo huamka wenyewe, nyayo zikiwa zimekanyaga chini au kwenye kigoda, bila kumfokea.

Amepata choo vizuri wiki nzima. Niache dawa?

Bado. Hapa ndipo wengi hurudi nyuma. Utumbo uliotanuka kwa muda mrefu huchelewa kurudi ukubwa wake, na hofu nayo huchelewa kuisha. Endelea wiki kadhaa baada ya choo kuwa laini na cha kawaida, kisha punguza kidogo kidogo kwa ushauri wa daktari. Kwa baadhi ya watoto ni miezi. Laktulosi na makrogoli haziufanyi utumbo kuwa mvivu. Maji, papai, maharage na mboga za majani viendelee pamoja na dawa. Na kama anakunywa maziwa ya ng'ombe zaidi ya nusu lita kwa siku, yapunguze, maana yanamshibisha akakosa hamu ya chakula kingine.