Kitenzi “get” cha Kiingereza: maana, matumizi na asili yake

Ukitafuta “get” kwenye kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, unaanza na “pata”, kisha “pokea”, “fika”, “elewa”, “leta”, “kuwa”, na orodha inaendelea. Kamusi haikosei. “Get” ni miongoni mwa vitenzi kumi vinavyotumika zaidi katika Kiingereza, na kimetumika kupindukia kwa sababu chenyewe hakina maana nzito. Kinachobeba ni badiliko tu: mwanzo mambo hayakuwa hivi, sasa yamekuwa hivi. Badiliko hilo ni la mali, la mahali au la hali? Jibu liko kwenye neno linalofuata. Kwa hiyo usikariri maana ishirini. Tazama “get” imefuatwa na nini.

Ikifuatwa na jina la kitu au mtu, kitu hicho kimehamia kwa mtendaji. “I got a letter” ni nilipata barua. “Get some bread” ni nunua mkate. “Get your brother” ni kamwite kaka yako. “She got the eight o'clock bus” ni alipanda basi la saa mbili. Anayetumwa kitu huambiwa “Get me a chair”, au “Get a chair for me”. Kusema “Get for me a chair”, kama wengi wetu tusemavyo Afrika Mashariki, huleta mpangilio ambao Waingereza hawautumii: ama “me” ije mara baada ya kitenzi bila “for”, ama “for me” ikae mwisho.

Ikifuatwa na kivumishi, maana yake ni kuingia katika hali fulani, na hapa ndipo msemaji wa Kiswahili anapohitaji kuwa macho zaidi. Sisi tuna kitenzi kimoja kizima kwa kila badiliko la aina hii: kuchoka, kulewa, kulowa, kuzeeka, kunenepa, kukasirika, kupona. Kiingereza cha mazungumzo huyaunda yote kwa “get” na kivumishi: get tired, get drunk, get wet, get old, get fat, get angry, get well. Linganisha nyakati na utaona zinavyooana. “Nguo zimelowa” ni “The clothes are wet”, kwa sababu -me- hapa inaeleza hali iliyopo sasa. “Nguo zinalowa” ni “The clothes are getting wet”, maana badiliko bado linaendelea. “Nguo zililowa” ni “The clothes got wet”. Vivyo hivyo amelewa ni “He is drunk”, analewa ni “He is getting drunk”, alilewa ni “He got drunk”. Anayetafsiri “nimechoka” kuwa “I have got tired” hajavunja sarufi, lakini msikilizaji atadhani anazungumzia mchakato wa kuchoka, hali yeye alitaka tu kusema “I'm tired”.

Mpaka wake ni huu: “get” haitumiki kwa mtu kuwa kitu chenye jina. Aliyehitimu udaktari “became a doctor”. Ukisema “She got a doctor”, umesema alimpata au alimleta daktari.

Kwa mahali, “get” ni kufika. “We got to Morogoro at noon” ni tulifika Morogoro saa sita mchana. “To” hutangulia jina la mahali, lakini huanguka mbele ya home, here na there: “I got home late”, kamwe si “I got to home”. Ule usemi wetu wa simu, “I have reached”, unamshangaza Mwingereza kwa sababu kwake “reach” hudai kutaja mahali: “I've reached Morogoro”. Asipotaja mahali atasema “I'm here” au “I've got here”. Kuhusu vyombo vya usafiri, huwa “get on” basi, treni, ndege, baiskeli na bodaboda, na “get off” unaposhuka. Lakini “get in” gari dogo au teksi, na “get out of” unapotoka. Chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, au unachokalia kwa juu, huchukua “on”; kile unachoinama na kuingia moja kwa moja kwenye kiti huchukua “in”. Daladala na matatu, hata kama mlango unakulazimisha kuinama, huhesabiwa pamoja na mabasi.

Kisha kuna “get” inayounda kauli ya kutendwa. “I got paid” ni nililipwa, “He got sacked” ni alifukuzwa kazi, “My phone got stolen” ni simu yangu iliibiwa. Kwa nini isiwe “was” tu? Kwa sababu “was” ina utata. “The window was broken” yaweza kuwa dirisha lilivunjwa, au dirisha tayari lilikuwa bovu ulipofika. “The window got broken” ina maana moja: tukio lilitokea. Kiswahili hutenganisha mambo hayo kwa viambishi, lilivunjwa na lilikuwa limevunjika. Kiingereza hukimbilia “get”. Zingatia pia kwamba “get” hubeba hisia ya mtu kuguswa na jambo, la heri au la shari, ndiyo maana hupenda kukaa na kufukuzwa, kuibiwa, kukamatwa, kupandishwa cheo. Vitenzi vya hali tulivu vinaikataa: husemi “The answer got known”, unasema “was known”.

Katika kukanusha na kuuliza, “get” hii hufuata kanuni ya vitenzi vya kawaida, yaani husaidiwa na “do”. “I didn't get paid.” “Did you get paid?” Anayejua kwamba “was” hukanushwa kwa “wasn't” hujaribu kufanya vivyo hivyo na “got”, na hapo sentensi huvunjika.

“Get married” inastahili maelezo yake. Kiswahili hutofautisha kuoa na kuolewa, Kiingereza hakijali: wote wawili “got married”. Kihusishi chake ni “to”, wala si “with”: “She got married to a teacher”. Na “They got married” ni walifunga ndoa, ilhali “They were married” kwa kawaida ni walikuwa mume na mke.

Kuna pia “get” ya kumfanya mtu mwingine atende. Tazama sentensi mbili. “I got the mechanic to check the brakes”: nilimfanya fundi akague breki, pengine baada ya kumbembeleza au kumlipa. “I got the brakes checked”: breki zilikaguliwa kwa agizo langu, na fundi hatajwi. Katika ya kwanza “to” ni ya lazima, tofauti na “make” na “have” ambazo haziitaki: “I made him check”, “I had him check”. Sentensi ya pili ndiyo tunayoikosa mara nyingi. Mtu aliyetoka kwa kinyozi husema “I cut my hair”, na Mwingereza anaelewa kwamba amejinyoa mwenyewe. Aliyenyolewa “got his hair cut”. Aliyetengenezewa simu “got his phone repaired”. “I repaired my phone” inamtaja yeye kuwa ndiye fundi.

“Get” ikifuatwa na “to” na kitenzi, Kiswahili kina mwenzake hasa: “pata ku-”. “I got to see the minister” ni nilipata kumwona waziri, yaani nafasi ilijitokeza. Lakini ongeza “have” iliyofupishwa, “I've got to see the minister”, na maana inageuka kabisa: ni lazima nimwone waziri. Sauti moja ndogo, v, inatenganisha bahati na wajibu, na katika usemi wa haraka mara nyingi inamezwa. Hapo muktadha tu ndio unaosaidia.

“Have got” ilitokana na mantiki ambayo Mswahili anaiona mara moja: aliyesema nimepata gari, sasa ana gari. Kadiri muda ulivyopita, “I have got a car” iliacha kueleza tendo la kupata ikabaki kueleza kumiliki. Kwa kuwa ni ya wakati uliopo, haifai kurudishwa nyuma: nilikuwa na gari ni “I had a car”, si “I had got a car”. Swali lake ni “Have you got a pen?” na jibu fupi ni “Yes, I have”, bila “got”. Pia usichanganye “I've got malaria”, yaani naumwa malaria sasa, na “I got malaria”, yaani niliugua malaria wakati fulani uliopita.

Wamarekani wamekwenda mbali zaidi. Kwao “I've got a car” ni nina gari, na “I've gotten a car” ni nimepata gari. Maumbo mawili, maana mbili. Waingereza wengi waliiacha “gotten” na kubaki na “got” peke yake, ingawa mabaki yake yamo katika “ill-gotten”, mali ya haramu, na katika “forgotten”. “Gotten” si uzushi wa Marekani. Imo katika Biblia ya Kiingereza ya 1611, pale Hawa anaposema amepata mwana, na wahamiaji waliondoka nayo Uingereza. Shule za Kenya, Tanzania na Uganda zina desturi ya kufuata Kiingereza cha Uingereza, hivyo katika mtihani andika “got”.

Asili yake iko kaskazini mwa Ulaya. Mwaka 793 mabaharia kutoka Skandinavia walishambulia monasteri ya Lindisfarne, kwenye kisiwa cha pwani ya kaskazini mashariki ya Uingereza. Mwaka 866 jeshi lao liliuteka mji wa York, na baadaye wengi wao walibaki wakilima na kuoa huko. Lugha yao ilikuwa jirani mno na ya wenyeji, na kwa ujirani huo hata maneno ya msingi yalivuka: they, take, egg, husband. Lilivuka pia “geta”, lililokuwa na maana ya kupata, kufikia, kuweza, kuzaa na kukisia.

Kiingereza cha kale kilikuwa na ndugu yake, “gietan”, ila hakikumtumia bila kiambishi mbele: “begietan” ilikuwa kupata, “forgietan” kusahau, “ongietan” kuelewa. Wenyeji walikuwa wamekwisha kuilainisha g hiyo ikawa y, kwa hiyo maandishi ya zama za kati yana “yeten” na “foryeten”. G ngumu tunayoisikia leo katika “get”, na vilevile katika “give”, ni alama ya matamshi ya Skandinavia yaliyoshinda na hata kuivuta “forget” upande wake. Katika “forget” kiini ni kupoteza ulichokuwa umekishika. “Beget” ilibaki na maana ya kuzaa, na ndiyo chanzo cha “begotten” isomwayo makanisani.

Nyuma zaidi, mzizi wake ulikuwa na maana ya kushika au kukamata, na mzizi huohuo ndio uliozaa kitenzi cha Kilatini “prehendere”. Kwa njia ya Kilatini na Kifaransa, Kiingereza kikapata “prison”, mahali pa waliokamatwa, na “comprehend”, kuelewa. Kushika kwa mkono na kushika kwa akili vinafuatana. Nasi husema mwanafunzi ameshika somo, na Mwingereza husema “I get it”.

Sasa mahali ambapo “pata” hutuponza. Kwenye simu tunauliza “Unanipata?”, tukaitafsiri “Are you getting me?” Kama unataka kujua iwapo sauti inafika, uliza “Can you hear me?” Kama unataka kujua iwapo hoja imeeleweka, uliza “Do you get me?” au kwa heshima zaidi “Do you see what I mean?” “Get” ya kuelewa kwa kawaida haichukui -ing. Nimepata ajali ni “I had an accident”. Amepata mtoto ni “She had a baby”. “She got a baby” inaweza kueleweka kana kwamba mtoto katolewa mahali. Maji hayapatikani ni “Water isn't available”, au “You can't get water”. Kamwe si “Water is not getting”. Na kisu kinachopata, kwa Kiingereza, ni “sharp” tu.

Viungo vidogo vinavyoambatana nayo ni somo refu. Vya kuanza navyo ni hivi: get up ni kuamka au kuinuka, get over ni kupona au kusahau machungu, get by ni kujikimu kwa shida, get along ni kupatana, get away with ni kufanya kosa bila kuadhibiwa, get rid of ni kuondoa kabisa, get round to ni hatimaye kupata wasaa wa kufanya jambo.

Katika barua ya kuomba kazi, ripoti au insha ya mtihani, punguza “get”, maana inasikika kama mazungumzo ya barazani. Barua umei-“receive”, shahada ume-“obtain”, hali ime-“become” mbaya, mgeni ame-“arrive”. “Gotta” usiiandike kabisa. Ila usiifukuze kila mahali: “get married” inakubalika hata kwenye maandishi rasmi, na “get used to”, kuzoea, ni nyepesi na sahihi kuliko “become accustomed to”, isipokuwa kama unaandika waraka wa ofisi.