Chapati za Maji: Maana Yake na Namna Zinavyoliwa

Chapati za maji ni mikate myembamba ya unga wa ngano uliokorogwa hadi ukawa uji mwepesi, ukamiminwa kwa upawa kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, ukatandazwa na kugeuzwa mara moja. Jina hilo humtatiza anayelisikia kwa mara ya kwanza, kwa kuwa chapati hizo hufika mezani zikiwa kavu, na pengine zimekorogwa kwa maziwa matupu. Neno "maji" hapa linaeleza hali ya unga kabla ya kukutana na moto.

Neno chapati lilitufikia kutoka Uhindi, ambako ni jina la mkate bapa wa unga uliokandwa. Kiswahili kililipokea, kikalipanua. Ndiyo maana Mbeya na Iringa, kama kwingineko nchini, mpishi hutaja "za kusukuma" akiwa na maana ya zile za donge na kibao, na "za maji" akiwa na maana ya zile za upawa. Waingereza waliita chakula cha namna hii kwa chombo chake, yaani keki ya kikaangoni, na kutoka kwao tumepata neno pankeki. Binafsi naliona jina letu kuwa sahihi zaidi, kwa sababu kikaango hupika mambo mengi, lakini wepesi wa unga ndio unaoitenga chapati hii na nyingine zote.

Tofauti hiyo ina sababu yake katika ngano yenyewe. Unga wa ngano ukikandwa hujenga gluteni, utando unaovutika unaoliwezesha donge kusukumwa bila kukatika. Ukikorogwa kwa maji mengi utando huo hauimariki sana, na kazi ya kushikamanisha hubaki kwa yai na wanga unaoiva. Mpishi mzoefu huanza na kimiminika kidogo ili kuvunja madonge, kisha huongeza taratibu, na huuacha uji utulie kama nusu saa ili unga unywe maji sawasawa. Pankeki nene za Kimarekani ni jambo jingine: hutiwa bekingi pauda, ambayo hutoa hewa ya kaboni na kuziumua.

Katika Nyanda za Juu Kusini chapati za maji zina mwenzi wa kudumu, nao ni chai, ambayo hulimwa hapahapa Rungwe na Mufindi. Asubuhi za Juni na Julai, baridi inapokaza, chapati hupangwa moja juu ya nyingine ndani ya hotipoti mara tu zinapotoka motoni, maana ikipoa hupoteza ulaini wake. Wapo wanaoikunja mara nne na kuichovya kwenye chai ya maziwa. Wapo wanaotia sukari na iliki katika uji, au ndizi mbivu zilizopondwa, ambazo Rungwe si haba. Wasiopenda utamu huweka chumvi, kitunguu, karoti na pilipili hoho, wakala kwa maharage au kwa parachichi lililopondwa. Mlo huu wa chumvi unastahili heshima kubwa kuliko unayopewa, kwa kuwa humshibisha mtu anayekwenda shambani.

Kwingineko chakula hiki kimefungamana na kalenda ya kanisa. Uingereza huliwa hasa Jumanne inayotangulia Jumatano ya Majivu, kwa sababu zamani mayai, maziwa na mafuta vilipaswa kumalizwa kabla ya mfungo wa Kwaresima. Ufaransa siku yake ni tarehe 2 Februari. Kwetu huliwa siku yoyote ambayo unga upo na wageni wamebisha hodi.

Mipaka ya dhana hii huonekana unga unapobadilika. Mchele na tui la nazi vikimiminwa kikaangoni huzaa vibibi vya Pwani, ambavyo vina jina na ladha yake, na havipaswi kuitwa chapati. Lakini anayechanganya ngano na unga wa ulezi, akapata rangi ya kahawia na ladha nzito kidogo, bado amepika chapati za maji, ilimradi ngano ni ya kutosha kuufanya mkate ukunjike bila kuvunjika.